Mtoto akikuambia alichokiona kwenye simu, usikimbilie fimbo

Wazazi wenzangu wa Tanga, habari za huko majumbani. Mie kazi yangu ni kufundisha TEHAMA, na kila nikiingia shule ya msingi naanza na swali moja, nani hapa kwao kuna kompyuta? Vinanyooka vidole viwili vitatu. Nikiuliza nani anachezea simu ya mama, darasa zima mikono juu, wengine wanasimama kabisa. Sasa hiyo simu ya mama ndo kompyuta ya kwanza ya mtoto, namba ya kuifungulia anaijua, bando likiisha anajua, na sisi wakubwa bado tunangoja maabara ijengwe mashine ziletwe ndo tuanze kumfundisha usalama. Mtoto hangoji.

Ndo maana somo la usalama nalifundisha bila mashine yoyote. Juzijuzi nilikuwa na darasa la nne huku Makorora, nikampa binti mmoja kikaratasi nikamwambia andika kitu kidogo ambacho hujawahi kuwaambia wenzio, na tulishakubaliana toka mwanzo kwamba kitasambaa. Akaandika "naogopa kuku". Nikamwambia mpe rafiki yako mmoja tu unayemwamini, huyo anakili ampe mwingine, na huyo mwingine hivyohivyo. Dakika tano hazijafika imefika dawati la nyuma. Haya, nikamwambia, kazirudishe zote. Akaanza kupita dawati kwa dawati anaokota, mvulana mmoja kashaiandika kiganjani kwa kalamu, wa pili kakunja karatasi kaitia kwenye soksi. Akarudi mbele na vikaratasi vyake vitatu mkononi, "Ticha, zingine zimebaki."

Hapo sikuwa na haja ya kueleza tena picha ikishatumwa inakuwaje. Ukibonyeza futa umefuta ya kwako, na hata ile ya kufuta kwa wote haigusi skrinshoti iliyokwishapigwa kwenye simu ya mtu.

Hadaa zenyewe wala si za ajabu. Mtoto anacheza gemu, anatokea mtu anajiita dada au braza, anamwambia nitakupa almasi za bure za Free Fire, we nisomee tu zile namba sita zilizoingia kwenye meseji. Zile namba sita ni za siri za kuifungulia WhatsApp ya mama kwenye simu nyingine, akishazisoma akaunti imeondoka na jioni mashangazi na majirani wanaombwa hela kwa jina la mama. Au haombi namba, anaomba picha, na ya kwanza ni ya kawaida tu, nitumie ukiwa umevaa sare. Hebu iangalie sare ya mwanao pale mfukoni, kuna nembo na jina la shule, kwahiyo shule ameshaijua, na kwa kuwa kila siku anamkuta kwenye gemu ameshajua pia saa ngapi mtoto yuko peke yake na simu. Halafu anamalizia, usimwambie mama. Hilo neno nawakaririsha watoto, mtu akikwambia usimwambie mama, huyohuyo ndo wa kwenda kumsema kwa mama.

Na msidhani ni wageni tu. Utafiti wa Disrupting Harm uliotoka mwaka 2022, uliofanywa na ECPAT (mtandao unaopinga unyonyaji wa kingono wa watoto), polisi wa kimataifa INTERPOL na UNICEF hapahapa Tanzania, ulionyesha kwamba wanaowafanyia watoto udhalilishaji wa kingono mtandaoni mara nyingi ni watu ambao mtoto anawajua tayari, na watoto wanaofika polisi au kupiga simu ya msaada ni wachache mno. Yaani wengi wanakaa nalo moyoni.

Kwa nini wanakaa nalo? Kwenye kikao cha wazazi mama mmoja alisimama akasema, mwalimu, mie nikimkuta na simu namchapa, na simu naificha kabati la vyombo. Nikamuelewa kabisa, uchungu wa mwana ule. Lakini asubuhi yake nilikuwa nimemuuliza mwanawe, ukiona kitu kibaya kwenye simu utafanyaje? Akanijibu haraka, bila kufikiri, "Nitafuta." Hakusema nitamwambia mama. Mtoto wa miaka kumi kashajua kufuta ushahidi, kwa sababu anachoogopa yeye ni fimbo, yule mtu wa kwenye simu hamuogopi. Na hilo ndilo yule mtu analolitegemea, atamwambia ukisema utapigwa, na mtoto anajua ni kweli.

Mambo ya setingi nayapitia haraka. WhatsApp na TikTok zenyewe zinataka mtu awe na miaka 13, kwahiyo wa darasa la nne hana cha kufungua akaunti. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp yako leo hii, yaani namba ya siri ya ziada unayoitunga mwenyewe. Kwa wadogo kuna YouTube Kids. Simu ichezewe sebuleni au barazani watu wanapopita, isiingie chini ya shuka usiku.

Ikishatokea, neno lako la kwanza liwe "umefanya vizuri kuniambia", hata kama ndani unachemka. Meseji usifute, namba ya huyo mtu iache ilivyo. Picha ya mtoto usiirushe kwenye grupu la familia wala la mtaa, hata kama nia yako ni kuonya wengine, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto na mwanao ndo atakuwa ameumizwa mara ya pili. Nenda na simu yenyewe kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Kama ni matapeli wa hela, namba yao itume kwa meseji kwenda 15040.

Na kuna 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Nikimaliza kipindi naiandika ubaoni kwa herufi kubwa, na mwalimu wa hesabu akiingia namuomba aandike pembeni yake, aiache mpaka kesho.