Ukiulizwa maoni kuhusu mji wa Kigoma, taja mahali na saa

Manispaa ya Kigoma Ujiji haina katikati moja. Kuna Kigoma ya stesheni na bandari, pale reli ya kati ilipolifikia Ziwa Tanganyika mwaka 1914. Ukipanda barabara ya Lumumba kutoka stesheni unaingia Mwanga, penye soko, maduka na pilikapilika za kutwa nzima. Kuna Ujiji, mkongwe kuliko zote, uliokuwa mwisho wa njia ya misafara miaka mingi kabla Stanley hajamkuta Livingstone pale mwaka 1871. Na ukimuuliza mfanyabiashara wa dagaa au wa mawese, atakwambia mji ni Kibirizi, kwenye mwalo wa ziwani, kwa sababu riziki yake inashuka kwenye boti.

Kila kitovu kati ya hivi kilizaliwa na usafiri wa zama zake. Ujiji ilikuzwa na wapagazi na vyombo vya ziwani, Kigoma ikakuzwa na treni, Mwanga ikanenepa kwa malori na mabasi. Ni jambo la kulitazama kwa makini sasa, kwa sababu mkataba wa kujenga reli ya kisasa (SGR) kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Reli hiyo itakapoanza kushusha abiria na makasha, biashara zitaifuata, na zisipotengewa nafasi mapema zitajibanza kwenye hifadhi za barabara na juu ya mitaro. Kazi ya mpango wa mji ni kutangulia hali hiyo, na kisheria mpango huo hauandaliwi bila wananchi kusikilizwa.

Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007, inaipa halmashauri mamlaka ya upangaji. Kuna mpango kabambe, ambao kwa kawaida hutazama miaka 20 mbele na kuonyesha kwa ujumla makazi, biashara, viwanda, barabara kuu na maeneo ya wazi. Chini yake kuna mipango kina, inayoshuka hadi mtaa na kiwanja. Halmashauri hutangaza kusudio, huitisha wadau, huandaa rasimu, huiweka hadharani ili yeyote aikague na kuweka pingamizi, kisha mpango kabambe hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya ardhi kwa idhini na hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Maoni yana nguvu kubwa mwanzoni, kabla mistari haijachorwa. Bado yana nguvu wakati wa rasimu. Baada ya tangazo la Gazeti la Serikali, kubadilisha chochote ni safari ndefu. Kwa bahati mbaya, watu wengi hufika pale wanapoona alama ya X nyekundu ya kubomolewa ukutani, na wakati huo mtaalamu anayewasikiliza hana tena kalamu mkononi.

Sasa nizungumzie maoni yenyewe, maana hapa ndipo tunapopoteza mengi. Kwenye mikutano ya mipango husikika maombi yaleyale: soko la kisasa, taa, lami, stendi nzuri. Yote ni mahitaji ya kweli, na hakuna mtaalamu asiyeyajua. Kigoma Ujiji imo katika miji 45 ya TACTIC, mradi wa kuboresha miundombinu ya miji, na barabara, masoko, stendi na mifereji ya maji ya mvua ni aina ya kazi zinazofanywa chini yake. Asichokijua mtaalamu ni namna mahali panavyotumika. Ramani haimwambii kwamba mama anayeuza samaki aina ya migebuka lazima awe mwaloni, boti zinaposhusha samaki, kabla ya jua kuchomoza, hivyo choo cha soko kinachofunguliwa saa mbili asubuhi hakimsaidii. Haimwambii bodaboda zinasimama kona ipi kwa sababu ndiyo kona pekee yenye kivuli. Haimwambii kwamba mgonjwa kutoka Ujiji anayekwenda hospitali ya Maweni hubadilisha usafiri njiani, wala kwamba mvua za Machi zikinyesha, maji ya mlimani hupita mbele ya maduka fulani na si mengine.

Kwa hiyo ninaomba kila anayetoa maoni ataje mahali, ataje saa, na aseme nani anaathirika. "Mitaro ni mibovu" ni malalamiko ya haki, lakini hayana pa kuchorwa. "Mtaro ulio kati ya duka la vifaa vya ujenzi na msikiti hufurika kila mvua kubwa, maji huingia kwenye vibanda sita vya upande wa chini" ni sentensi inayoweza kuingia kwenye ramani mchana uleule. Wazee wana mchango wa pekee hapa. Wanakumbuka korongo lilipita wapi kabla halijafukiwa, na maji hayasahau njia yake hata yakijengewa nyumba juu.

Jambo la pili linalonisumbua ni nani anakuwepo mkutanoni. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi huwapata wenye nyumba, wastaafu na viongozi. Mama lishe anapika, machinga yuko barabarani, kijana wa kupakua mizigo yuko bandarini. Hao ndio wanaoitumia katikati ya mji kuliko mtu yeyote. Halmashauri zinaweza kuwafuata walipo, meza ikawekwa sokoni jioni au mwaloni alfajiri, na wananchi wana haki ya kulidai hilo kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata kwa barua.

Katika kundi hilo, wapangaji wa maduka ndio husahaulika zaidi. Jengo la biashara likitwaliwa kwa manufaa ya umma, mwenye ardhi anajua pa kuanzia. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, na kanuni zake inamhesabia thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya makazi, gharama za usafiri na hasara ya faida. Fundi cherehani aliyepanga kibaraza cha jengo hilohilo kwa miaka mingi hana hati ya kuonyesha. Mtaji wake mkubwa ni wateja wanaojua kwamba yupo pale. Hata pasipobomolewa kitu, barabara ikitiwa lami na taa zikawashwa, kodi ya fremu hupanda na yeye husukumwa pembeni na maendeleo aliyoyaombea. Mpango mzuri unaweza kumtengea nafasi: vizimba vidogo vya bei nafuu ndani ya soko jipya, mitaa inayoruhusiwa biashara ndogo saa fulani, utaratibu wa maandishi wa nani anarudi baada ya ujenzi na kwa kodi gani. Haya yasiposemwa wakati wa rasimu, hayajitokezi yenyewe baadaye. Wapangaji, jiorodhesheni na mwandike kwa pamoja. Barua moja yenye majina 40 na namba za fremu hubeba uzito ambao malalamiko 40 ya mdomo hayana.

Kuhusu ziwa sina maneno laini. Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka, na limefanya hivyo tangu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi cha Mto Lukuga, unaotoa maji ziwani upande wa Kongo, kilizibuka na ziwa likashuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata. Ndiyo sababu mahali pa kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji, palipokuwa karibu na maji, leo pako mbali na ufukwe. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena na kuingia kwenye makazi na sehemu za biashara za kandokando. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Wako wanaoiona sheria hiyo kuwa kikwazo kwa hoteli na maduka ya ufukweni. Mimi naiona kuwa kinga ya mali za watu, na ningetamani eneo hilo libaki la vitu vinavyoweza kuhamishwa au kuvumilia maji: bustani, mabanda mepesi, njia za kutembea, mialo yenye gati linalofuata kina cha ziwa. Ukiulizwa juu ya Kibirizi, sema pia maji yalifika wapi yalipopanda. Alama iliyoachwa kwenye ukuta wa ghala lako ni kipimo tunachokihitaji.

Ujiji nayo isiachwe iwe mahali pa kulala tu. Imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, pamoja na vituo vingine vya njia ya watumwa na pembe za ndovu kama Bagamoyo na Kwihara ya Tabora. Wenye nyumba za zamani pale waulizwe wanachoweza kukihifadhi na msaada wanaouhitaji, kabla mtu hajawachorea mji wa makumbusho.

Liko jambo dogo linalobadilisha katikati ya mji kimyakimya kuliko mpango wowote, nalo ni ubadilishaji wa matumizi ya kiwanja. Nyumba ya kuishi inageuka baa, uwanja wa wazi unageuka kituo cha mafuta, kimoja baada ya kingine. Anayetaka mabadiliko hayo hutakiwa kuomba kibali na kusudio lake kutangazwa, na jirani anaweza kupinga kwa maandishi akieleza sababu. Someni matangazo hayo kwa sauti kwenye mikutano ya mtaa, kwa kuwa si kila mtu hununua gazeti.

Rasimu ikibandikwa, anza na ufunguo wa ramani unaoeleza maana ya rangi, kisha tafuta barabara unayoijua, kisha kiwanja chako. Usipoielewa rasimu, ofisi ya mipango miji inawajibika kukueleza. Maoni yapelekwe masijala ya halmashauri, yagongwe muhuri wa kupokelewa, na ubaki na nakala. Mkutano wa Baraza la Madiwani wa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu na uko wazi kwa wananchi kuhudhuria na kusikiliza. Diwani ndiye mwenye nafasi ya kuuliza humo maoni ya kata yake yaliingia ukurasa gani wa mpango, na kama yalikataliwa, kwa sababu gani. Mpeni nakala yenye muhuri kabla ya kikao.