Kusafirisha logi za seva ya tovuti: maana yake na yanayotokea njiani

Kila anayefungua ukurasa wa tovuti huacha mstari kwenye seva. Mistari hiyo ndiyo logi. Kwa nginx, programu inayohudumia kurasa za tovuti, iliyosimikwa kwenye Debian au Ubuntu (mifumo ya Linux), hujikusanya katika faili /var/log/nginx/access.log, na makosa huandikwa error.log, jirani yake. Mstari mmoja huwa hivi:

203.0.113.7 - - [12/May/2024:09:12:45 +0300] "GET /bei HTTP/1.1" 200 5124 "-" "Mozilla/5.0"

Kuanzia kushoto: anwani ya IP ya mgeni, wakati ombi lake lilipokamilika, alichoomba, jibu alilopewa (200 amepata, 404 hakipo, 500 seva imeshindwa), ukubwa wa jibu kwa baiti, ukurasa uliomleta, na kivinjari anachodai kutumia.

Kusafirisha logi ni kuipeleka mistari hiyo kwenye mashine nyingine, mbali na seva, papo hapo inapoandikwa. Mashine hiyo yaweza kuwa yako, imewekwa jengo jingine, au ikawa huduma ya kulipia kwa mwezi inayoipokea mistari, kuipanga na kukuwezesha kutafuta ndani yake. Wengi huchanganya jambo hili na nakala rudufu ya kila usiku. Seva ikifa saa tano usiku, nakala iliyochukuliwa jana haijui lolote la siku nzima ya leo, na dakika kumi za mwisho kabla ya kifo ndizo unazozihitaji kuliko zote.

Logi inayokaa kwenye seva peke yake ni shahidi anayelala nyumba moja na mtuhumiwa. Aliyevamia seva na kupata mamlaka ya root, yaani ya msimamizi mkuu, anaweza kufuta mistari inayomtaja, abakize mingine, nawe usijue. Mwaka 1986 Clifford Stoll, mtaalamu wa nyota aliyekuwa akisimamia kompyuta za Maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani, alipewa kazi ya kutafuta senti 75 ambazo hazikulingana kwenye hesabu za matumizi ya kompyuta. Akagundua kuna mtu anayeingia bila ruhusa. Ushahidi wake hakuuweka ndani ya kompyuta ileile. Aliazima printa na vituo vya kompyuta, akaviunganisha kwenye laini 50 za kuingilia, na yaliyokuwa yakipita yakachapwa kwenye karatasi. Mvamizi alijipatia mamlaka makubwa ndani ya kompyuta, ila karatasi hakuweza kuigusa. Tunachofanya leo kwa kutuma logi mbali ni kazi ileile ya zile printa.

Njia kongwe ya kuzituma ni syslog, iliyobuniwa na Eric Allman miaka ya 1980 kwa ajili ya programu yake ya barua, Sendmail, na ikaja kuandikiwa utaratibu rasmi katika RFC 5424, hati ya viwango vya intaneti ya mwaka 2009. Nginx yenyewe inaijua tangu toleo la 1.7.1, kwa mstari mmoja tu:

access_log syslog:server=192.0.2.10:514,tag=nginx combined;

Hapa kuna mtego. Ukiuweka mstari huu ndani ya sehemu ya server katika faili la mipangilio la nginx, ile access_log iliyoandikwa juu kwenye http hairithiwi tena, na faili la hapo nyumbani litaacha kuandikwa kimyakimya. Andika zote mbili. Tena, kwa njia hii nginx hutumia UDP, njia ya kutuma data bila kuthibitisha kufika, ambayo ni kama kutupa barua dirishani: hakuna anayekujulisha kama imeokotwa, na kila aliye njiani anaweza kuisoma. Ndani ya mtandao wako mwenyewe si vibaya. Kupita intaneti ya wazi, mimi sikushauri kabisa. Huko zitumwe kwa TLS, inayofunga ujumbe kwa siri njiani, ambayo kwa syslog imetengewa mlango (port) wa 6514.

Kwa hiyo watu wengi huweka programu ya kati: rsyslog, Fluent Bit, Filebeat au Vector. Programu hii husoma mkia wa faili, ikikumbuka ilipofikia, kisha hutuma yenyewe. Nginx haina habari nayo, na ikianguka tovuti inaendelea kuhudumia wageni. Kinachoisumbua ni logrotate, inayobadilisha jina la faili la zamani na kufungua jipya. Programu nzuri humaliza la zamani kwanza, ndipo ihamie jipya. Logrotate ikiwa imewekewa copytruncate, yaani kunakili faili kisha kufuta yaliyomo badala ya kubadili jina, mistari iliyoandikwa kati ya kunakili na kufuta hupotea, kwa hiyo iondoe.

Sasa foleni, yaani mistari inayosubiri kutumwa, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko Afrika Mashariki. Fikiria seva iliyoko Dar es Salaam inayotuma logi zake Frankfurt siku kama hiyo. Wageni wa ndani ya nchi wanaendelea kuingia, mistari inaandikwa, lakini njia haipitiki. Bila foleni kwenye diski, mistari hiyo hujaa kwenye kumbukumbu ya muda, kisha hutupwa.

Piga hesabu kabla. Mstari wa baiti 200, maombi 50 kwa sekunde: ni kilobaiti 10 kila sekunde, karibu megabaiti 864 kwa siku. Foleni ya gigabaiti 2 itakuvusha siku mbili na ushee. Katika rsyslog, queue.filename huifanya foleni iweze kumwagikia diskini, queue.maxDiskSpace huiwekea mpaka ili isije ikameza diski nzima na kuiangusha tovuti yenyewe, na action.resumeRetryCount ikiwa -1 huiambia isichoke kujaribu. Njia ikirudi, mistari michache inaweza kufika mara mbili, kwa kuwa mtumaji hakupata uthibitisho akatuma tena. Kubali hilo. Mstari uliojirudia utauchuja, uliopotea huna pa kuupata.

Jambo jingine ni kilichomo ndani ya mizigo. Anwani za IP zinaweza kumtambulisha mtu, na kiungo cha kubadili nywila hubeba ufunguo wake baada ya alama ya kuuliza, nao huandikwa kwenye logi kama ulivyo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Safisha kabla ya kutuma. Katika log_format ya nginx, inayopanga kinachoandikwa kwenye mstari, tumia $uri mahali pa $request, na yaliyo baada ya alama ya kuuliza hayataandikwa kwenye sehemu ya alichoomba mgeni.

Na saa. Mstari wetu unasema 09:12 +0300. Huduma ya mbali mara nyingi itaonyesha 06:12, saa ya UTC. Mteja anapiga simu akisema tovuti iligoma saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Namba tatu, tukio moja. Kubalianeni mapema mtaandika ipi.

Ukimaliza kusimika, usiamini mpaka ujaribu. Ifunge njia kwa firewall dakika kumi huku tovuti ikiendelea kutumika, ifungue, subiri foleni iishe, kisha uhesabu mistari ya muda huo kwenye access.log na ulinganishe na iliyofika upande wa pili.