Je, kila bakteria huushambulia mwili peke yake?

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba bakteria akiingia kwenye kidonda hula, hugawanyika na kutoa sumu kivyake, bila kuhusiana na wenzake. Imani hiyo inaeleweka, kwani kiumbe cha seli moja hakina ubongo wala masikio.

Hata hivyo, bakteria wengi hutoa molekuli ndogo na kupima wingi wake katika mazingira yao. Zikizidi kiwango fulani, kundi zima hubadili mwenendo kwa pamoja. Mfano mzuri ni Pseudomonas aeruginosa, anayesumbua sana vidonda vya moto. Katika chupa ya maabara, mchuzi anamokuzwa huwa na rangi hafifu saa za mwanzo, kisha bakteria wakisongamana hugeuka kijani cha kuelekea buluu, rangi inayoweza kuonekana pia kwenye bandeji ya mgonjwa.

Lakini chupa si mwili. Ndiyo maana watafiti wamewaambukiza panya wenye majeraha ya moto, baadhi kwa bakteria wa kawaida, wengine kwa bakteria walioondolewa jeni ya kupokea ishara hizo, na hao wa pili walienea kwa shida zaidi. Bakteria wa kipindupindu, na hili linastahili kuzingatiwa, hufanya kinyume: ishara zikijaa, jeni za kusababisha ugonjwa huzimwa.

Ukisoma dai lolote kuhusu jambo hili, tazama kama jaribio lilifanyika katika chupa au katika mnyama hai, ni mnyama gani, na kama palikuwa na kundi la kulinganishia.