Kofia ngumu na kichwa cha mtoto: maswali tunayoulizwa baada ya ajali

Je, sheria iwalazimishe wanaoendesha baiskeli au kuteleza kwa viatu vya magurudumu kwa burudani tu kuvaa kofia ngumu?

Kwa watoto, ndiyo. Jimbo la Victoria nchini Australia lilipitisha sharti hilo kwa waendesha baiskeli mwaka 1990, na New Zealand ikafuata mwaka 1994. Wapinzani husema kwamba sheria ya namna hiyo huwapunguzia watu hamu ya kuendesha baiskeli. Hoja hiyo naielewa kwa mtu mzima anayejiamulia mwenyewe, lakini mtoto wa miaka tisa hawezi kupima hatari, na wazazi wengi tunaowapokea walikwisha kuinunua kofia hiyo, ila siku ya ajali ilikuwa imening'inizwa kwenye usukani.

Kofia hiyo humkingaje mtu?

Povu gumu lililomo ndani hubonyea na kupokea sehemu ya kishindo ambacho kingefika kwenye fuvu. Ikishapigwa kwa nguvu haifai tena, hata kama nyufa hazionekani.

Mtoto ameanguka, lakini hakuzimia na anaongea vizuri. Nimwache alale, nimpeleke hospitali kesho?

Hapana. Kama kichwa kimegonga kwa kishindo, tafadhali usisubiri kesho. Juu kidogo ya sikio, upande wa ndani wa mfupa, hupita mshipa wa damu ambao ukipasuka, damu hujikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo, na kwa saa kadhaa majeruhi anaweza kuongea, kula na kucheka kama kawaida. Mwigizaji Natasha Richardson alianguka Machi 2009 akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Quebec, Kanada, bila kofia ngumu, katika mteremko wa wanaoanza. Alijiona mzima, akakataa huduma ya matibabu, na siku mbili baadaye akafariki kutokana na damu iliyovuja namna hiyo.

Lakini hana jeraha, ana nundu tu, nasi tumeshamkanda.

Jibu ni lile lile: mpeleke. Kukanda nundu hakuigusi damu iliyo ndani ya fuvu, na kila saa inayopotea mkisugua mafuta ni saa ambayo daktari wa upasuaji angeihitaji.

Dalili zipi ni za kukimbia nazo usiku huo huo?

Kutapika zaidi ya mara moja, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi mzito usio wa kawaida, maneno yasiyoeleweka, degedege, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu kulegea, na maji maji au damu kutoka puani au masikioni. Msimpe dawa ya usingizi, na msimbebe kwenye pikipiki akiwa analegea. Mlazeni kwenye gari, shingo ikiwa imetulizwa.

Kofia ivaliwe vipi?

Ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ufungwe chini ya kidevu, ukibana kiasi cha kupitisha kidole kimoja au viwili tu.