Mwambie Mungu lile lililokuleta

Mama mmoja aliyekuja kwangu aliketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliye tayari kuondoka wakati wowote. Kabla sijamuuliza neno, aliomba tuanze na sala, na sala akaiongoza mwenyewe. Alimshukuru Mungu kwa uzima, kwa pumzi, kwa familia, kwa siku njema. Na muda wote huo vidole vyake vilikuwa vinasokota ncha ya leso mpaka ikawa kama utambi. Aliposema "Amina" nikamuuliza, "Mama, hayo ndiyo yaliyokuleta?"

Akanyamaza kitambo. "Hapana, mchungaji. Kijana wangu ananiibia kila siku. Na nimeanza kumchukia."

Nikamwambia, basi hiyo ndiyo sala. Tukafumba macho upya.

Katika kazi hii ya kukaa na familia zilizopatwa na matatizo, sijakutana na watu wengi wasioomba. Mtu akifika kwangu, kwa kawaida ameshaomba hadi sauti imekauka. Ninachokutana nacho sana ni watu waliomwomba Mungu kila kitu isipokuwa kile kinachowanyima usingizi. Wamefundishwa kwamba kulalamika mbele za Mungu ni utovu wa imani, kwa hiyo wanampelekea maneno yaliyopigwa pasi, halafu machungu yenyewe wanarudi nayo nyumbani. Huko yanawaangukia watoto, au mume, au mfanyakazi asiyejua lolote.

Fungua Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu. Katika miwili ya kwanza Daudi anauliza "hata lini" mara nne: hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako. Hakuna salamu wala utangulizi. Mistari miwili inayofuata ni ombi: niangalie, unijibu. Ndipo katika mstari wa 5 anasema amezitumainia fadhili za Mungu. Mimi husoma zaburi hii nikitazama mpangilio wake, kwa sababu tumaini linakuja baada ya lawama kutamkwa, na linatoka kinywani mwa mtu yule yule. Hatuambiwi kwamba katikati hapo mambo yalibadilika. Adui bado yupo. Na anayedhani kila zaburi lazima imalizike kwa shangwe, asome ya 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani. Waliokusanya Zaburi waliiacha hivyo hivyo.

Hana, yule mwanamke tasa katika 1 Samweli, naye alikuwa na mgogoro wa nyumbani kabisa: mke mwenza anayemchokoza mwaka hadi mwaka, na mume mwenye nia njema anayemuuliza kama yeye si bora kuliko watoto kumi. (Elkana alimpenda mkewe, lakini swali hilo wanaume tusiliige.) Hana alipokwenda kuomba, midomo ilicheza bila sauti, na kuhani Eli akadhani amelewa. Jibu la Hana ndilo ninalowapa watu wanaoniuliza sala ni nini: alisema amemimina roho yake mbele za Bwana. Kitu kikimiminwa, hata machicha hutoka.

Wengine huniuliza kama kurudia ombi lile lile ni kukosa imani, maana Yesu alionya juu ya kupayuka-payuka. Alichokuwa anakikemea ni kudhani kwamba wingi wa maneno ndio unaomfanya Mungu asikie. Yeye mwenyewe, usiku wa Gethsemane, aliomba mara tatu, na Mathayo anaandika kwamba mara ya tatu alisema maneno yale yale. Kwa hiyo kama saa tisa usiku huna jingine zaidi ya "Bwana, mtoto wangu", sema hilo. Sema tena.

Sehemu inayofuata ni ngumu kwangu, nitaisema kwa ufupi. Ndugu yangu alilazwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, nami nilisimama kwenye korido nikiomba kichungaji, kwa sauti, kwa maandiko. Siku ya tatu maneno yakaniishia. Nikabaki na lile la baba aliyemletea Yesu mwanawe mwenye pepo, katika Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Ndugu yangu alifariki. Mtu mmoja aliyekuja kutupa pole alisema laiti tungefunga zaidi. Nilimjibu kwa kumkumbusha Daudi, aliyefunga na kulala chini siku saba kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, na mtoto akafa. Daudi akaoga, akaenda kuabudu, akarudi nyumbani akaomba chakula. Watumishi wake hawakumwelewa. Mimi kwa miezi mingi sikumwelewa pia. Siku hizi nadhani naanza kuelewa: aliomba kwa nguvu zake zote kwa sababu mlango ulikuwa bado haujafungwa, na ulipofungwa alienda kwa Mungu yule yule aliyemkatalia. Kama kuna picha ya kumtegemea Mungu inayonishika, ni mtu yule mwenye nywele bado mbichi, akitembea kwenda nyumbani mwa Bwana.

Na kuhusu kutoa pole, rafiki za Ayubu walifanya kazi yao vizuri kabisa zile siku saba walizoketi naye chini bila kusema kitu.

Sasa kuna sala ninazozikataza. Ya kwanza ni sala ya mafumbo: mke anaomba kwa sauti, mume akiwa kando yake, "Bwana, mguse yule asiyejali nyumba yake." Hapo anayesemeshwa ni mume. Kama una neno naye, mwambie. Ya pili ni sala inayotumika kama kitasa. Mtu anapigwa nyumbani, naye ameambiwa aendelee kuomba na kuvumilia. Hapana. Ondoka kwanza, nenda mahali salama, toa taarifa, na Mungu utamkuta huko ulikokwenda. Vilevile usiache dozi ya hospitali kwa sababu umeombewa. Nehemia na watu wake walipotishiwa walimwomba Mungu, na papo hapo wakaweka walinzi usiku na mchana. Mstari ni mmoja, sura ya 4. Hakuona walinzi kuwa dharau kwa Mungu.

Yule mama tulikubaliana mambo matatu. Fedha aziweke mahali kijana asipofika. Kijana apelekwe kwa wataalamu wa uraibu, maana ndiko wizi wake ulikotoka, na siku atakayokubali mama asisubiri kesho. Na kila usiku mama aombe kwa dakika tano, akianza na jambo moja la kweli lililotokea siku ile, kabla ya shukrani yoyote.

Kijana amekwenda kwenye matibabu mara moja na kutoroka. Wiki iliyopita mama alikuja tena, akaegemea kiti vizuri, leso akaiacha mkobani. Nikamwomba atuombee. Akafumba macho. "Baba," akasema, "leo kachukua redio. Nimemfokea, na nimemwekea chakula."

Akanyamaza kidogo, kisha akaendelea.