Mwiba wa Samaki Kooni: Maswali na Majibu kwa Wanaokula Sinia Moja

Katika nyumba za Lamu samaki ni chakula cha kila siku, na sinia la wali wa nazi lenye samaki wa kupaka katikati bado ndilo linalowakusanya watu wa nyumba moja, mkubwa kwa mdogo, mchana na usiku. Sisi tunaowapokea wagonjwa hatuna ugomvi wowote na sinia hilo. Samaki aliyepikwa nyumbani humpa mtoto protini na madini joto, na watu wanaokula pamoja huonana na kujuliana hali. Tunachotaka kikome ni jambo linalofuata pale mwiba unapomkwama mmoja wao: kuhimizwa kumeza tonge juu ya tonge, kisha kukaa nyumbani siku tatu au nne akingojea mwiba uteremke. Maswali haya ndiyo tunayoulizwa na wagonjwa pamoja na jamaa wanaowaleta.

Mwiba ukimkwama mtu, huwa umekwama wapi hasa?

Mara nyingi hauko mbali. Miba midogo na myembamba huchoma kwenye mafindofindo, yaani zile tezi mbili zilizo pande za koo, au kwenye shina la ulimi. Miba mikubwa na mipana huweza kuteremka zaidi na kunasa kwenye umio, mrija unaopeleka chakula tumboni, na hasa sehemu yake ya juu ambako njia ni nyembamba. Mgonjwa anayeweza kunyosha kidole na kusema “ni hapa, upande wa kushoto, juu ya kikoromeo” mara nyingi husema kweli, kwa hiyo asipuuzwe.

Mama mkwe wangu ameniambia nimeze tonge kubwa la wali au la ugali bila kulitafuna, kwani ndivyo walivyofanya wazee. Nifanye hivyo?

Hapana, usimeze tonge. Mwiba una ncha, na ncha hiyo tayari imeingia kwenye nyama laini ya koo. Tonge linaloteremka kwa nguvu halina mkono wa kuushika mwiba na kuung’oa; kazi yake ni ya nyundo juu ya msumari. Mwiba uliokuwa umechoma juu juu kwenye findofindo, ambao mhudumu angeuona kwa tochi na kuutoa kwa koleo mgonjwa akiwa ameketi kitini, husukumwa ndani ya nyama usionekane tena, au husukumwa hadi kwenye umio, na hapo koleo haliufikii. Jambo lililokuwa dogo linakuwa kubwa kwa sababu ya tonge, wala si kwa sababu ya mwiba.

Mjibu mama mkwe wako kwa adabu, na ikibidi umwambie kuwa hospitali ndiyo iliyokataza. Tunawaheshimu wazee na tunajua kwamba ushauri huo wanautoa kwa huruma, lakini hatuwezi kuukubali, kwa kuwa wanaoletwa wakiwa katika hali mbaya zaidi ni wale waliomezeshwa matonge mengi zaidi.

Lakini mimi mwenyewe nilimeza tonge mwaka jana na mwiba ukaondoka. Mbona mnakataza?

Swali hili tunaulizwa kila tunapozungumzia jambo hili, na linastahili jibu kamili. Mara nyingi mwiba huwa umekwisha kupita kabla mtu hajashika tonge la kwanza, ila umeacha mkwaruzo, na mkwaruzo wa koo huhisiwa sawasawa na mwiba kwa muda wa siku moja au mbili. Katika hali hiyo chochote utakachokula kitapewa sifa ya kukuponya. Mara nyingine mwiba huwa mdogo na laini, umelegea, nao ungeteremka kwa mate tu. Ukishafika tumboni, kwa kawaida hausumbui tena. Wewe ulikuwa katika mojawapo ya makundi hayo mawili. Kwa bahati mbaya, mtu akiwa bado mezani hakuna anayeweza kujua kama yumo katika kundi hilo au katika lile la tatu, la wale ambao mwiba wao umesimama na unangoja kusukumwa. Waliopona huisimulia habari yao barazani kwa miaka. Waliotobolewa umio hawaisimulii, na ndiyo maana mtaa mzima unaamini tonge.

Kwa hiyo jibu letu linabaki lile lile: usimeze tonge, iwe la wali, la ugali au la sima ya mtama.

Na ndizi mbivu, mkate, ndimu au siki?

Ndizi na mkate ni tonge kwa jina jingine. Ndimu na siki haziwezi kulainisha mwiba kwa ile dakika zinayopita kooni. Zinachofanya ni kuchoma kidonda kilichopo na kuongeza uvimbe. Kujitapisha pia ni hatari, na kuingiza vidole kooni kutafuta kitu usichokiona huuzamisha mwiba na kulijeruhi koo.

Basi nifanye nini dakika ile ile?

Acha kula. Weka chini chakula kilichobaki mkononi, tema kilichomo kinywani, kohoa polepole mara chache, kisha sukutua kwa maji na uyateme. Mtu mwingine anaweza kukuangalia kinywani kwa tochi, na kama mwiba unaonekana waziwazi kwenye ufizi au sehemu ya mbele ya ulimi, anaweza kuutoa kwa kibano bila kulazimisha. Kama hauonekani, au uko nyuma kooni, au unauhisi kila unapomeza mate, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usile wala usinywe njiani, kwa sababu ikionekana kuwa unahitaji kuchunguzwa umio kwa mrija wenye kamera, tumbo lililojaa litawafanya madaktari wakucheleweshe kwa saa kadhaa, nazo ni saa ambazo ungeweza kuziokoa.

Kwa nini siku hiyo hiyo? Maumivu si makali, na leo nina shughuli.

Kwa sababu mwiba uliosimama ndani ya umio unatakiwa utolewe ndani ya saa chache, na isizidi siku moja. Kadiri unavyokaa ndivyo nyama inavyovimba kuuzunguka, na hatari ya kutoboa ukuta wa umio inazidi. Umio ukitoboka, mate na chakula chenye vijidudu huvuja nje yake. Usaha hujikusanya shingoni na unaweza kuteremka kifuani mpaka pembezoni mwa moyo na mapafu. Hapo hatuzungumzii tena koleo na tochi. Tunazungumzia upasuaji, dawa za kuchomwa mshipani kwa siku nyingi, na wakati mwingine mauti.

Mgonjwa wa namna hii tunamtambua angali mlangoni. Anashika kitambaa kinywani kwa sababu hawezi kumeza hata mate yake, shingo imejaa upande mmoja, ana homa, na sauti imebadilika. Ukiwauliza waliomleta, wanajibu kwamba mwiba ulimkwama Ijumaa, na leo ni Jumanne. Siku zote hizo alikuwa akipewa matonge, na baada ya hapo vidonge vya maumivu vya dukani, ambavyo humtuliza kidogo huku uvimbe ukiendelea kukua chini yake. Tunasema haya kwa masikitiko: siku nne ni nyingi mno, na hakuna shughuli, hata iwe harusi, inayostahili kungojewa namna hiyo.

Kwa wakazi wa visiwani jambo hili ni zito zaidi. Mtu wa Kizingitini, Ndau au Kiwayu anayeondoka asubuhi atapata boti na atafika mchana, lakini anayesubiri mpaka shingo ivimbe usiku wa manane anaweza kukuta hakuna chombo, au bahari imechafuka kwa kusi. Ikibidi apelekwe kwa daktari wa koo, pua na masikio Mombasa, kutoka Lamu ni safari ya zaidi ya kilomita 300, na hiyo si safari ya kuianza mtu akiwa hawezi kupumua vizuri. Wa Malindi wana barabara fupi zaidi, lakini nao wanachelewa vivyo hivyo, na udhuru wao ni mdogo zaidi.

Ni dalili gani zinazoonyesha kuwa hali imekuwa ya hatari?

Kushindwa kumeza mate, kupumua kwa shida, kutema damu, shingo kuvimba, homa, na maumivu yanayoshuka kifuani au kutokea mgongoni. Mtu mwenye mojawapo ya dalili hizi asingoje kupambazuke. Wala msizifanye dalili hizi kuwa ndizo ruhusa ya kwenda hospitali. Mtu anapaswa kufika kabla hazijaanza.

Nilipigwa eksirei na haikuonyesha kitu, lakini bado nachomwa. Je, ni wasiwasi wangu tu?

Si lazima. Miba ya samaki wengi haionekani vizuri kwenye eksirei, kwa hiyo picha safi haithibitishi kwamba mwiba haupo. Ikiwa ulichunguzwa ukaambiwa ni mkwaruzo, maumivu yanapaswa kupungua siku hadi siku. Yasipopungua siku ya pili, au yakizidi, rudi na useme bila haya kwamba bado yapo. Uchunguzi wa skani au wa kamera unaweza kuonyesha kile ambacho eksirei haikukionyesha.

Nyumbani wanataka tusome dua kwanza. Mnapinga?

Hatupingi dua. Someni mkiwa kwenye boti au kwenye tuktuk, na waliobaki nyumbani wasome pia. Tunachopinga ni mgonjwa kuwekwa chumbani mpaka kesho, na kunyweshwa au kulishwa kitu chochote wakati mwiba umesimama.

Mtoto wangu wa miaka miwili amekataa chakula ghafla na anatoa udende. Hakuna aliyeona mwiba.

Mtoto hawezi kukuambia kuwa amechomwa. Kama alikula samaki, kisha akakataa chakula, akatoa mate kuliko kawaida, akalia kila anapomeza au akawa anashika shingo, mchukulie kuwa ana mwiba na umpeleke mara moja. Usimpe titi ili kumtuliza, wala uji wa kuuteremsha.

Kupaliwa ni tofauti na kukwamwa na mwiba?

Ni tofauti kabisa. Aliyekwamwa na mwiba anapumua na anazungumza. Aliyepaliwa, chakula kimeziba njia ya hewa. Akiwa anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Akishindwa kukohoa na kutoa sauti, mwinamisheni mbele na mpigeni kwa kiganja mara tano kati ya mabega. Kisha simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, uifunike kwa mkono wa pili, na usukume ndani na juu mara tano. Rudieni kwa zamu mpaka kitoke, na mmoja wenu atafute msaada. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumbo: alazwe kifudifudi mkononi, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, apigwe mgongoni mara tano, kisha ageuzwe na kusukumwa kwa vidole viwili katikati ya kifua mara tano. Mjamzito pia husukumwa kifuani.

Je, tuache kuwapa watoto samaki?

Msiache. Chagueni samaki na mwandae kwa uangalifu. Nguru ana miba mikubwa inayoonekana, na kipande chake humfaa mtoto na mzee. Mwatiko na chaa ni watamu, lakini miba yao ni mingi na mwembamba mmoja hujificha kwa urahisi ndani ya nyama; hao wawaachie wakubwa wenye macho mazuri na subira. Anayemlisha mtoto amchambulie samaki pembeni ya sinia, aiponde nyama kwa ncha za vidole mpaka aridhike kuwa hakuna kinachochoma, ndipo achanganye na wali. Vidole huuona mwiba kuliko kijiko, na katika jambo hili ulaji wetu wa mkono una faida kubwa. Mchuzi wa samaki ulioponda nyama yake uchujwe kabla ya kumpa mtoto mdogo.

Mle kwenye mwanga. Umeme ukikatika, washeni taa kabla ya kuendelea, na simu ziwekwe mbali na sinia, kwa sababu jicho lililo kwenye simu halioni mwiba. Wakati wa futari njaa huwafanya watu wameze kabla ya kutafuna. Anzeni kwa tende na uji, na samaki aje baada ya tumbo kutulia. Wazee waliovaa meno bandia wachambuliwe samaki kama watoto, hata wakisema hawahitaji, kwa kuwa sahani ya meno hufunika kaakaa na kuwanyima ile hisia ya kuutambua mwiba kabla haujafika kooni.