ʻŌʻō wa Kauaʻi hakumalizwa na majoho ya machifu

Ile sauti ya ndege anayeita bila kujibiwa imerudi tena kwenye magrupu, na chini yake maneno yale yale: ndege huyu wa Hawaii alitoweka kwa sababu machifu waliwaua wote ili washonewe majoho ya manyoya.

Sivyo. Sauti ni ya ʻōʻō wa Kauaʻi (kimoja cha visiwa vya Hawaii), ndege wa msituni aliyefyonza nekta ya maua. Alisikika mara ya mwisho mwaka 1987, ilhali enzi ya majoho hayo iliisha karne ya 19. Tena itazame picha yake vizuri: mwili mweusi, njano iko mapajani tu. Manyoya ya njano yaliyotafutwa sana yalitoka kwa jamaa yake wa kisiwa kingine, kile chenyewe kiitwacho Hawaii. Huyo naye huitwa ʻōʻō, ndiyo maana watu huwachanganya.

Kilichommaliza zaidi ni malaria ya ndege (haiwapati binadamu), iliyoenezwa na mbu walioletwa na meli miaka ya 1820. Mbu huyo ni Culex quinquefasciatus, yule yule anayeeneza matende na mabusha pwani kwetu. Ukitaka kuhakikisha, angalia ramani: misitu ya chini yenye joto ilipoteza ndege kwanza, na ʻōʻō wa mwisho walibaki kwenye nyanda za juu za Alakaʻi kisiwani Kauaʻi, penye baridi isiyompendeza mbu. Ongeza panya, ukataji wa misitu na kimbunga cha 1982.

Ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze. Mjibu aliyekutumia, kwa upole, na umpe tarehe hizo.